Kimya cha Kobe: Juu ya Kumpambanua Mhusika Mezani na Kitabuni

Utangulizi

Kwa takriban miaka ishirini nimekuwa nikiwafunza wanafunzi wa chuo kikuu somo la usawiri wa wahusika katika fasihi ya Kiswahili. Kama ilivyo desturi, huanza kwa kuorodhesha njia ambazo kwazo msanii humjenga mhusika wake: maelezo ya moja kwa moja, matendo, usemi, yale yasemwayo na wahusika wengine, na jina alilopewa. Wanafunzi huyanakili hayo, kisha huyarejesha katika mtihani yakiwa yameambatanishwa na mifano. Orodha hiyo si ya uongo. Hata hivyo, ninayo sababu ya kuamini kuwa mtu anaweza kuijua yote kwa moyo, akaifunza, akaitungia maswali na kuyasahihisha, na bado asijue ni kitu gani hasa kinachomfanya mhusika mmoja awe yeye na asiwe mwingine. Ninasema hivi kwa kuwa mtu huyo alikuwa mimi.

Insha hii ni ya kibinafsi, nami nawaomba radhi wasomaji wa jarida hili ambao wamezoea kutanguliziwa nadharia na kufuatishiwa ushahidi. Nitakalolieleza sikulipata maktabani. Nililipata mezani, katika mchezo wa watu wazima unaochezwa kwa dadu, karatasi na maneno matupu, nikiwa mbali na nyumbani. Aidha, nililipata kwa kuchelewa, baada ya kutenda kosa la kitaaluma ambalo sina njia ya kulirekebisha. Hoja yangu ni kwamba mhusika hapambanuki kwa wingi wa mapambo anayovishwa. Hupambanuka kwa jambo analolikataa mbele ya wenziwe, kukataa kukiwa na gharama, na kwa namna kukataa huko kunavyowalazimu wenziwe nao wajitokeze.

Mchezo na asili yake

Katika mwaka wa masomo wa 2008/2009 nilikuwa mjini Madison, katika jimbo la Wisconsin, Marekani, nikisaidia kufundisha Kiswahili. Mwanafunzi wangu mmoja, aliyeona jinsi majira ya baridi yalivyokuwa yakinielemea, alinialika nikajiunge na wenzake kila Ijumaa usiku katika mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Sikuwa nimewahi kuusikia. Kwa kuwa Kiswahili hakina jina lililozoeleka la michezo ya aina hii, nitaiita michezo ya uhusika.

Watu watano au sita huketi kuizunguka meza. Mmoja wao huwa msimulizi na mwamuzi kwa pamoja: ndiye anayeieleza nchi ya kubuni, njia zake, majumba yake na viumbe wanaoishi humo. Kila mmoja wa wale waliosalia huwa na mhusika mmoja aliye wake, ambaye humsemea na kumwamulia. Msimulizi husema, kwa mfano, kwamba mmefika mtoni na daraja lina mlinzi. Kisha huuliza mnafanya nini. Hapana mswada. Pale ambapo jambo laweza kufaulu au kushindikana, dadu hurushwa, aghalabu ile yenye nyuso ishirini. Kila mhusika ana karatasi iliyoandikwa alama zake za nguvu, wepesi, siha, akili, busara na mvuto. Katika toleo la kwanza kabisa kila alama ilipatikana kwa kurusha dadu tatu za kawaida na kuzijumlisha, kwa hivyo ilikuwa baina ya 3 na 18.

Msomi wa fasihi simulizi hatakosa kuitambua hali hii. Hapa yupo fanani na hapa ipo hadhira. Tofauti ni kwamba kila mmoja katika hadhira amekabidhiwa mhusika mmoja wa ngano, akaambiwa: huyu ni wako, tuone atafanya nini.

Asili ya mchezo wenyewe inafaa kutajwa kwa kuwa inagusa moja kwa moja suala letu. Dungeons & Dragons ilichapishwa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson; Gygax aliishi Lake Geneva, mji mdogo wa jimbo lilo hilo la Wisconsin. Wote wawili walitoka katika jamii ya wacheza michezo ya vita, ambamo mtu mmoja huongoza jeshi zima la sanamu ndogo ndogo. Katika mchezo wa namna hiyo hapana mhusika; kuna kikosi tu. Badiliko lilianza mwaka 1969 huko Minnesota, jimbo jirani, ambako David Wesely alitunga mchezo uliotokea katika mji wa kubuni wa Kijerumani, Braunstein, wakati wa vita vya Napoleon. Badala ya kuwapa wachezaji wote majeshi, baadhi yao aliwapa nafasi za watu binafsi waliomo mjini: meya, mwenye benki, mkuu wa chuo kikuu. Kila mmoja alikuwa na haja yake, na haja hizo hazikupatana. Arneson alikuwa miongoni mwa waliocheza, na kutokana na mbegu hiyo akatunga nchi yake ya Blackmoor, iliyokuja kuzaa mchezo tunaouzungumzia.

Ikumbukwe, basi, kuwa zile alama sita si zilizomzaa mhusika wa mezani. Mhusika alizaliwa pale mtu mmoja alipopewa haja isiyokuwa ya jirani yake. Karatasi ilikuja baadaye, na watu wawili wanaweza kuwa na karatasi zinazolingana nukta kwa nukta na bado wasifanane hata kidogo.

Mzee wa methali

Nilipoambiwa nibuni mhusika nilifurahi, maana niliamini kuwa hii ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa nimekwisha kupata shahada ya uzamili, nilikuwa nimefundisha miaka mitatu, na ile orodha ya njia za usawiri nilikuwa nayo kichwani. Niliandika wasifu wa kurasa mbili. Mhusika wangu alikuwa mganga mzee, mchechemeaji, mwenye sauti ya kukwaruza na fimbo ya mpingo. Nilimpa kijiji alichozaliwa, vita vilivyomfukuza, mke aliyemfia. Nilimpa pia methali, nyingi mno, ambazo nilizitafsiri papo hapo kwa Kiingereza kila nilipopata nafasi. Wenzangu walimsifu sana, nami nikarudi nyumbani usiku huo nikiwa nimeridhika.

Baada ya wiki nne hivi nilishikwa na homa, nikakosa kwenda. Ni desturi ya meza hizo kwamba asipofika mchezaji, mwenziwe humchezea mhusika wake ili safari isikwame. Ijumaa iliyofuata niliuliza mzee wangu aliendeleaje. Mwanafunzi wangu alinijibu kwa furaha kwamba hawakupata taabu yoyote: kila walipokwama walimfanya aseme methali, kisha akawafuata wengine walikokwenda. Alikusudia kunifurahisha. Mimi nilihisi kama mtu aliyesomewa ripoti ya kushindwa.

Nilipolitafakari jambo hilo niliona mambo mawili. La kwanza ni kwamba mzee wangu hakuwa na lolote alilolitaka wala alilolikataa. Alikuwa na sauti, mavazi na historia. Lakini palipohitaji uamuzi alikuwa ni nafsi ya sita ya kundi, ikifuata zile tano. Aristotle alikwisha kulisema hili katika Poetics: kwamba tabia ni kile kinachoudhihirisha uamuzi, na kwamba usemi ambamo msemaji hachagui wala haepuki chochote ni usemi usiokuwa na tabia. Maneno hayo nilikuwa nimeyafunza. Nilikuwa nimeyapitia kama mtu anavyolipita jirani asilolijua jina.

La pili lilikuwa chungu zaidi. Yule mzee mwenye fimbo, uganga na methali hakutoka kwetu. Nyumbani kwetu simjui mzee yeyote anayesema kwa methali asubuhi hadi jioni; wazee niliowajua walizungumza juu ya bei ya nazi na ubovu wa barabara, na methali waliitoa mara moja kwa siku nyingi, tena kwa mtu aliyestahiki kuumizwa nayo. Mzee wangu niliwaletea wenyeji wangu kwa kuwa nilijua tayari walikuwa naye vichwani mwao. Niliwauzia picha yao wenyewe ya Mwafrika, nikaiita ubunifu. Kosa hili si geni kwetu. Vichekesho vyetu vya redioni na vya televisheni vimejaa wahusika wanaotambulikana kwa lafudhi ya kabila lao, na hadhira hucheka mara tu kinywa kinapofunguliwa. Lakini lafudhi hiyo hupambanua jamii na jamii. Haipambanui mtu na mtu, na wahusika wawili wa lafudhi moja wanaweza kubadilishana mistari bila yeyote kugundua.

Mezani palikuwa na fundi wa magari, mtu wa maneno machache, ambaye hakuwa ameandika wasifu wowote. Mhusika wake alikuwa mwanamke mpiga upinde. Hakumbadilishia sauti, alimsemea kwa sauti yake mwenyewe ya kiume, aghalabu akisema tu "anafanya hivi" na "anakataa hivi". Lakini mwanamke huyo alikuwa na jambo moja: hakupokea kitu kutoka kwa mtu yeyote bila kukilipa siku iyo hiyo. Mwizi wa kundi letu alipomtoa shimoni, mwanamke huyo aliuza upinde wake sokoni ili amlipe, ingawa mwizi mwenyewe alimsihi asifanye hivyo na ingawa sote tulijua kuwa kesho yake tungeuhitaji upinde ule. Tuliuhitaji, na tuliponea chupuchupu.

Ijumaa moja fundi naye hakufika. Usiku huo kundi letu lilifika katika nyumba ya watawa, na watawa wakamgawia kila msafiri blanketi. Tulibishana kwa muda wa nusu saa kama mwanamke yule angelipokea lake. Mmoja alisema angelipokea kwa kuwa ni sadaka, na sadaka haidaiwi. Mwingine akasema, "Asingefanya hivyo hata kidogo!" Hatimaye msimulizi aliamua kuwa mwanamke alilala nje penye theluji. Hakuna aliyemwuliza mzee wangu kama alilipokea blanketi lake.

E. M. Forster, katika Aspects of the Novel (1927), alitufunza kuwagawa wahusika katika bapa na duara. Bapa aweza kuelezwa kwa sentensi moja. Duara hutushangaza, nasi tukaamini. Kwa kipimo hicho mpiga upinde ni bapa, maana sentensi yake moja nimekwisha kuiandika, na mzee wangu mwenye kurasa mbili angeweza kudai uduara. Hata hivyo, ni yeye aliyekuwapo na ni mzee aliyekosekana. Ninaona, kwa hivyo, kuwa uduara na upambanuzi ni mambo mawili tofauti, nasi wahakiki tumeyachanganya kwa muda mrefu. Kipimo cha upambanuzi kilichonidhihirikia pale mezani ni hiki: je, mhusika asipokuwapo msemaji wake, wengine wanaweza kubishana juu yake? Palipo na ubishi wa "asingefanya hivyo", pana mtu.

Kimya mezani

Jambo lililomwokoa mzee wangu halikuwa la kukusudia. Mnamo mwezi wa Februari kundi letu lilifika mbele ya mjumbe wa mfalme, naye akatusabahi mmoja mmoja kwa adabu. Ilipofika zamu yangu nilikosa neno la Kiingereza. Nililitafuta, huku vidole vyangu vikiikunja na kuikunjua pembe ya karatasi iliyokuwa mbele yangu. Wote walingoja. Mmoja akaanza kucheka kwa sauti ya chini, na kicheko kikamwambukiza wa pili. Ndipo nikajibu, kwa neno moja tu, kwamba nimeipokea salamu. Meza nzima ikaangua kicheko, na msimulizi akasema kuwa mjumbe amemwogopa mzee huyu kuliko wote.

Mimi sikucheka. Kimya kile nilikuwa nimekwisha kukisikia mahali pengine.

Nyanya yangu mzaa mama, aliyeishi upande wa Kwale, kusini mwa Mombasa, alikuwa fanani. Alizisimulia ngano zake jioni, akisuka ukili, nasi wajukuu tumemzunguka. Katika ngano zake Sungura hakumwita mtu kwa jina. Kila aliyekusudia kumhadaa alimfanya jamaa kwanza: Simba alikuwa "mjomba", Chui "ami", Tembo "babu", na shikamoo zake zilikuwa ndefu kuliko safari. Fisi, kinyume chake, hakumsalimu yeyote. Neno lake la kwanza mlangoni lilikuwa kuuliza kilichobaki jikoni. Naye Kobe alisalimiwa, kisha nyanya akanyamaza. Aliugeuza ukili mara moja mkononi, akauchomeka mwaa mpya, nasi watoto tukaanza kucheka kwa kungoja, na tulipokuwa tumekata tamaa ndipo Kobe akasema, "Marahaba." Sauti yake haikuwa tofauti sana na ya Sungura. Nyanya hakuwa mwigaji hodari wa sauti. Wahusika wake tuliwajua kwa namna walivyosalimu, na kwa nani aliyekubali au kukataa kuharakishwa.

Mwaka 2004 nilikwenda kwake na kinasa sauti kwa ajili ya utafiti wa tasnifu yangu ya uzamili. Idara zetu za fasihi, tangu ule waraka wa Nairobi wa mwaka 1968 ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, zimeipa fasihi simulizi ya Kiafrika heshima yake, na kizazi baada ya kizazi cha wanafunzi kimetumwa vijijini kukusanya. Nilirekodi kaseti nne. Nilizinakili kwa uangalifu, neno kwa neno, kama nilivyofunzwa. Kobe akasalimiwa, Kobe akajibu: "Marahaba." Kile kimya hakikuwa neno, kwa hivyo sikukiandika. Katika sura yangu ya uchanganuzi niliandika, tena kwa kujiamini, kwamba wahusika wa ngano hizo hawatofautiani kiusemi na kwamba ni vielelezo tu vya ujanja, ulafi na subira. Ruth Finnegan alikuwa amekwisha kuonya katika Oral Literature in Africa (1970) kwamba mengi ya uhusika katika simulizi hubebwa na utendaji, na kwamba matini iliyochapwa huyaacha nyuma. Nilimnukuu. Nilimnukuu katika sura ya pili na kumsahau katika sura ya nne.

Kaseti zile sinazo. Tasnifu ilipopita mwaka 2006 nilizirekodi juu yake mahojiano ya mradi mwingine, kwa kuwa kaseti tupu zilinigharimu fedha nisizokuwa nazo na kwa kuwa maandishi yalikuwa yamekwisha kutoka. Hakuna aliyeniambia nizihifadhi, na hakuna aliyenizuia. Lawama ni yangu. Nyanya alifariki mwaka 2007. Miaka miwili baadaye, mbele ya wageni waliokuwa wakila bisi na kurusha dadu, nilimsikia Kobe wake kwa mara ya kwanza tangu nilipomfuta.

Tangu usiku ule niliyatupa methali na uchechemeaji. Mzee wangu nilimwachia jambo moja: hakumjibu mtu ambaye hakumsalimu, na aliposalimiwa alijibu kwa wakati wake. Jambo dogo, lakini lilikuwa na gharama. Mlinzi wa daraja alipotuuliza kwa ukali tunakwenda wapi, mzee, ambaye peke yake aliijua lugha ya nchi ile, hakufungua kinywa. Tulinyimwa njia, tukalazimika kuzunguka milimani siku mbili, na mnyama wetu wa mizigo akafia huko. Wenzangu walikasirika, nami nadhani hasira ile haikuwa ya mchezo tu.

Kisha likatokea nisilolitarajia. Wenzangu walianza kumsalimu mzee, na kila mmoja alimsalimu kwa namna yake. Mpiga upinde alimsalimu kwanza kila alfajiri, ili deni liwe la mzee wala lisiwe lake. Mwizi alimsalimu kwa dhihaka, kwa kuinama mno, naye mzee akachelewa zaidi kumjibu. Askari kijana, ambaye hadi hapo hakuwa amesema lolote la kukumbukwa, alikataa kabisa kumsalimu, na kwa mara ya kwanza tukajua kuwa alikuwa na kiburi na kwamba alikuwa na baba aliyemchukia. Yule aliyemchezea alikiri baadaye kuwa naye hakulijua hilo kabla. Kukataa kwa mtu mmoja kulikuwa kumewachora wanne. Nilikuwa nimezoea kumchambua mhusika kana kwamba ni sanamu inayosimama peke yake, nikizihesabu sifa zake. Hapo nilifahamu kuwa mhusika ni mpaka baina ya shamba na shamba: ukiuweka mmoja, mashamba mawili hupata umbo.

Lugha yetu ililijua hili zamani. Kiswahili hakimruhusu mtu kufungua kinywa kabla ya kuamua yeye ni nani kwa yule aliye mbele yake. Ni shikamoo au ni hujambo? Ni mjomba, ni ndugu, ni mwanangu, au ni wewe tu? Kila salamu ni uamuzi, na kila uamuzi waweza kukataliwa. Mwandishi wa Kiswahili amekabidhiwa chombo hiki cha upambanuzi bila malipo, na ni ajabu jinsi tunavyozipita salamu katika riwaya zetu kana kwamba ni mlango usio na nyumba.

Aprili 2009 Dave Arneson alifariki. Gygax alikuwa amemtangulia mnamo Machi 2008. Ijumaa iliyofuata msimulizi wetu aliziweka dadu zake chini, tukakaa kimya kwa muda kabla ya kuanza. Mwezi uliofuata nilirejea nyumbani.

Kutoka mezani hadi darasani

Yamkini msomaji ana pingamizi, nami nimeisikia kutoka kwa wenzangu wa idara. Mhusika wa kitabuni si mtu, ni mpangilio wa maneno. Kuuliza angefanya nini nje ya matini ni kurudia kosa ambalo L. C. Knights alilikejeli mwaka 1933 alipouliza Lady Macbeth alikuwa na watoto wangapi. Pingamizi hii ni ya haki, na hatuna budi kuijibu.

Jibu langu ni kuwa zoezi ninalolifanya darasani halitafuti yaliyomo nje ya matini. Linapima kama matini imemwekea mhusika mipaka. Huwagawa wanafunzi watano watano. Kila mmoja huchukua mhusika kutoka kitabu tulichokisoma, nami nikawapa hali ambayo haimo katika kitabu chochote. Mathalani, kisima kimoja, kijiji chenye kiu, na zamu ya kugawa maji. Anayesema mhusika wake atafanya jambo fulani sharti aonyeshe ni wapi katika matini amepata idhini. Anayepinga, vivyo hivyo.

Siku moja mwanafunzi aliyemchukua Majivuno wa Kusadikika (1951) alikwama mapema. Jina lilimwambia awe na majivuno, naye akawa nayo. Lakini alipoulizwa Majivuno angekataa nini, hata kama kukataa kungemdhuru, alifungua kitabu muda mrefu. Aliyemchukua Karama alikuwa na la kusema, maana Karama anasimama mbele ya baraza linaloweza kumwua, na hanyamazi. Jina lake nalo ni la majazi, kama la mwenziwe. Majazi, basi, si kilema. Shaaban Robert anaweza kumpa mtu jina la sifa na bado akampa kitu cha kukikataa. Mwanafunzi wa tatu alikuwa na Kinjeketile wa Ebrahim Hussein (1969). Wenziwe walimsihi aseme uongo mdogo tu ili kijiji kipate maji kwanza. Alikataa, na alipodaiwa ushahidi alitusomea mwisho wa tamthilia, ambapo Kinjeketile, aliye mikononi mwa Wajerumani na asiyekuwa tena na hakika ya lile neno lake mwenyewe, hakubali kulikana. Darasa liligawanyika. Baadhi walisema kuwa kukataa kukana si sawa na kukataa kudanganya, na kwamba huenda mtu yule yule angekubali hili na kulikataa lile. Kengele ya kumaliza kipindi ililia, nao wakaendelea kubishana ukumbini.

Sijapata kuona darasa likibishana hivyo juu ya orodha ya sifa. Wanafunzi wetu wametoka katika mitihani ya shule za upili iliyowazoesha kujibu kuwa fulani ni mwoga, ni mkarimu, ni mwenye tamaa, kila sifa na hoja yake na alama yake. Siwalaumu, na ninajua kuwa mtihani hauna budi kusahihishwa. Lakini sifa kumi zilizopangwa hazimtoi mtu, kama alama sita za karatasini hazikumtoa mzee wangu.

Tamati

Mwaka 2019 niliitoa maktabani nakala ya tasnifu yangu. Niliufungua ukurasa wa Kobe, nikakaa nao. Kimya chake ninakikumbuka: urefu wake ni wa ukili kugeuzwa mara moja na mwaa kuchomekwa. Lakini tasnifu ile ina ngano kumi na moja, na katika nyingi ya hizo sikumbuki tena ni nani aliyenyamaza, wala kwa muda gani, wala sisi watoto tulicheka wapi. Wahusika wale wamebaki na maneno yao tu. Wanafunzi wangu wa uzamili, ambao leo hurekodi kwa simu zao bila gharama, huwalazimisha wayatie alama vimya vyote, wataje mikono ya fanani ilikuwa ikifanya nini, na wasifute chochote hata baada ya tasnifu kupita. Wengine huniona msumbufu.

Likizo ya mwaka huo nilikwenda Kwale kwa mama mdogo, binti wa mwisho wa nyanya, nikamwomba anisimulie ngano ya Kobe. Niliwasha kinasa sauti. Alisimulia vizuri, akichambua mchele katika ungo, na Sungura wake alikuwa na ujamaa na kila mtu kama nilivyomjua. Ilipofika zamu ya Kobe nilijiandaa kungoja. Hakunyamaza hata kidogo. Kobe wake alijibu salamu kabla Sungura hajaimaliza, akamwuliza amekuja kukopa nini safari hii.

Nilimwambia, kwa upole, kwamba Kobe wa nyanya alikuwa akichelewa kujibu. Mama mdogo aliutikisa ungo, akapuliza makapi.

"Naam, mwanangu," akasema. "Huyo alikuwa Kobe wa mamangu. Huyu ni wangu."